Pasi za Kocha Odera

Wasike alipanda treni ya Dandora akiwa amevaa fulana yenye picha ya Kocha Odera, iliyochapishwa kwa mazishi yake, mazishi ambayo Wasike hakuhudhuria.

"Mathe, huyu alikuwa lejendi wa basketi," akamwambia mama aliyeketi mbele yake, akijipigapiga kifua penye picha. "Alitufunza kitu moja tu: usikae na mpira, pasia mwenzako."

"Najua. Nyumbani alinipasia watoto, akanipasia jezi za timu nzima nifue, akanipasia hata mamake mgonjwa."

Kumbe ni mjane wa kocha mwenyewe! "Lakini mama, tulibeba vikombe," Wasike akasema.

"Na nani alikuwa anavipanguza vumbi?"

Treni ikasimama. Mama akainuka, akamsukumia mfuko wake wa viazi mikononi. "Haya, nibebee."

Wasike akaudaka vizuri, kisha akageuka nyuma kutafuta wa kumpasia.