Fundi Mstari na Gari Alimofia Binti Yake

Ndugu wa marehemu, majirani, mafundi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, familia imenipa mimi, shemeji yake, kazi ya kuwasomea habari za maisha yake, na mkewe, ambaye ni dada yangu, ameomba nisiruke kitu, hata yale ambayo nyumbani kwetu huwa tunayapita kimya kimya.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa baba fundi seremala na mama muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, mahali ambapo vikombe vilitikisika kabatini kila treni ilipopita. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1972, kisha akapelekwa chuo cha ufundi kusomea umeme, akaukimbia baada ya kupigwa shoti mara mbili, mwenyewe akieleza kwamba alipendelea kazi ambayo ikikuumiza unaiona inavyokuja.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika karakana ya kunyoosha bodi za magari, na miaka kumi na moja baadaye akafungua yake, banda la mabati lenye milango mikubwa miwili, ambako alipata jina la Fundi Mstari, kwa sababu alikuwa akifumba macho, akipitisha kiganja juu ya bodi, na mstari ukiwa umepinda hata kidogo hakulala. Alikuwa na sharti moja, kwamba gari likiletwa limepondeka hakuuliza ni nani aliyekuwa ndani, alinyoosha tu, akapaka rangi, akakabidhi ufunguo.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikutana naye pale karakana dada alipotumwa kufuatilia gari la mwalimu mkuu, na baadaye marehemu alikiri mbele ya wakwe kwamba gari lile lilikuwa limekwisha kutengenezwa zamani, alilichelewesha makusudi ili mwalimu aendelee kuja kuuliza. Walikaa muda mrefu bila mtoto, hadi mwaka 1991 walipojaliwa binti, wa kwanza na wa mwisho, ambaye tangu alipojua kusema alikaa kwenye kiti cha baba yake pale karakana akiwaagiza mafundi hiki na kile, baba yake akamwita Bosi, na sote tukasahau kumwita vingine.

Bosi alikua, akawa mpima ardhi, akachumbiwa na daktari wa meno, kijana mpole mwenye udhaifu mmoja tu, gari la kifahari la michezo la milango miwili, lililokaa chini hata ukadhani linatambaa, na siku ya kwanza lilipoingia uani marehemu alilizunguka lote, akalipapasa ubavuni, ndipo akakumbuka kumsalimia mkwe.

Harusi ilipangwa tarehe 28 Septemba 2019. Tarehe 14 Juni mwaka huo, kwenye makutano ya barabara karibu na kiwanda cha unga, lori lililokatika breki liliingia ubavuni mwa gari lile, upande wa abiria, kijana akavunjika mkono na mbavu, na Bosi akafariki kabla hajafikishwa hospitali.

Tulipokwisha kumzika, watu wa bima walisema gari halifai tena, likatupwa kwenye yadi lisubiri kukatwa vyuma chakavu. Marehemu alikwenda kulitazama peke yake, aliporudi akamwambia mkewe kwamba atalileta karakana, na kabla ya siku ya harusi litakuwa zima. Dada yangu alimuuliza, "Liwe zima ili iweje?" Kesho yake akalivuta mpaka karakana.

Bodi yake ilikuwa ya alumini, metali isiyopenda moto wala haraka, naye haraka alikuwa nayo. Alikataa kazi nyingine zote, wateja wakahama, akaivuta chasisi mpaka vipimo vya kona kwa kona vikakubaliana, akaikata nguzo ya kati inayobeba paa, iliyokuwa imekunjamana, akaweka nyingine, huku mlango mpya ulioagizwa mbali ukikwama forodhani hadi Agosti ikaisha. Mafundi wenzake waliojitolea kumsaidia aliwashukuru, akawarudisha makwao.

Yule kijana naye alikuwa akija kila jioni, mkono ukiwa kwenye plasta, akisimama mlangoni mwa karakana bila kukaribishwa wala kufukuzwa, na marehemu hakumsemesha, mpaka siku mlango wa gari ulipofika, akawa ameubeba begani na hana wa kuushikilia kwa chini. Alimtazama, akasema, "Shika hapa." Kuanzia siku hiyo kijana alishika, wakawa hawazungumzi ila bawaba na msasa, kijana akitamani atukanwe ili apate nafuu, na marehemu, kama alivyokuja kumsimulia dada yangu, alitafuta tusi la kumpa asilione.

Siku zilizidi kukimbia, na kila kitu kilikuwa kimeguswa isipokuwa kiti cha abiria, ambacho marehemu alikifunika shuka tangu gari lilipoletwa, akawa anafanya kazi kando kando yake. Ndipo dada yangu, ambaye hakuwa amekanyaga karakana tangu msiba, alipoingia na beseni, sabuni na brashi, akawaomba wanaume wote wawili watoke nje, nao wakakaa kwenye matofali wakiisikia ile brashi ikisugua, ikinyamaza, ikisugua tena, mpaka alipotoka mikono imelowa hadi viwikoni. "Kishafuliwa," akasema. "Endeleeni."

Tarehe 28 Septemba, alasiri, injini iliwashwa. Mafundi wa mtaa mzima walitoka kuja kuona, wengine wakapiga makofi, marehemu akaizima injini, akafumba macho, akaupitisha mkono kuanzia mlango wa abiria mpaka nyuma, akarudi tena mpaka mbele, kisha akamwambia mkewe, "Nimetafuta. Hakuna alama hata moja." Akakaa chini sakafuni, akalia kilio ambacho makaburini hakukilia, maana miezi yote ile, hivi alivyoeleza baadaye, alikuwa akiamini kwamba likinyooka kabisa kuna kitu nacho kitarudi.

Dada yangu hakumwinua. Alifungua mlango, akakaa kwenye kiti kile, akafunga mkanda, akamwita, "Baba Bosi, njoo unipeleke." Wakaenda, wakafika kwenye yale makutano, taa ikawasimamisha palepale, mkono wa marehemu ukiwa juu ya gia, dada yangu akaweka wake juu yake, taa ikaruhusu, wakapita.

Gari alimrudishia kijana, kijana akaliuza, aliyelinunua hakuambiwa na hakuuliza, na huenda sasa hivi yumo ndani yake. Marehemu alilifunga banda, hakushika nyundo tena, ila kijana aliendelea kumtembelea kila Jumapili, na alipooa mwaka 2022 alimwomba akae upande wa wazazi, marehemu akakaa, akatabasamu kwenye kila picha, akarudi nyumbani akalala na viatu.

Mwaka huohuo aligundulika kuwa na moyo uliopanuka, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa, akalazwa Januari 2024, na tarehe 3 Februari asubuhi alifariki, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari waliomhangaikia, na zaidi muuguzi wa zamu ambaye siku za mwisho marehemu alimwita Bosi, naye hakumsahihisha, akaitika. Tunawashukuru majirani waliotupikia, mafundi wenzake waliolibeba jeneza lake leo, na kijana wetu, ambaye hatuna jina la kumwita ila mtoto.

Marehemu ameacha mjane. Nafasi iliyo kando ya kaburi la binti yao dada yangu alikuwa amejiwekea mwenyewe, kwa miaka minne na zaidi akiipalilia majani, na usiku wa juzi alituambia kwamba amempa mumewe.

Nenda ukakae naye, shemeji, upumzike kwa amani.