Kura ya Kufumba Macho

Kwenye treni ya asubuhi, mshonaji aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsimulia fundi bomba asiyemjua. Saa nne mtaa wa mshonaji ulikuwa unachagua mwenyekiti.

"Safari iliyopita tulinyoosha mikono huku mgombea akitukodolea macho, naye ndiye mwenye nyumba wangu. Nani angemkataa? Leo nitasimama niombe wote tufumbe macho, kama tunavyochagua viongozi wa kwaya."

"Dada yangu, siasa si kwaya. Watachungulia."

"Hata kwenye kwaya wapo wanaochungulia, kaka. Ila wanaona haya."

Nimelea watoto wanne. Najua wanaofumba macho kweli ni wachache.

"Na akikufukuza kwenye nyumba yake?" fundi akauliza.

"Kwani tangu jana nafunga na kuomba kwa ajili ya nini? Kwenu mlichaguaje?"

Fundi akaupakata mfuko wake wa spana. "Mikono. Wangu niliunyoosha kwa niliyemwogopa."

"Ungefumba macho, ungemnyooshea umtakaye."

"Mimi ningefumba, yeye angefumbua!"

Treni ikasimama. Mshonaji akashuka haraka. Fundi, ambaye tiketi yake ilikuwa ya kituo cha mwisho, akashuka nyuma yake, bado anabisha.