Bi Ushahidi, Msimulizi Aliyeolewa na Mshukiwa Wake

Marehemu, ambaye wasikilizaji walimwita Bi Ushahidi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa mkunga na seremala. Mama yake alisimulia kwamba alitoka kimya, akakikagua chumba kizima, ndipo akalia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana. Insha zake zilirudi na wino mwekundu: nzuri sana, ila mbona hazifiki mwisho?

Mwaka 1987 aliajiriwa mahakamani kuwa karani, akapiga chapa mienendo ya kesi kwa miaka ishirini na saba. Alipostaafu mapema alianzisha podikasti ya kesi zilizokwisha kuamuliwa, akirekodi ndani ya kabati la nguo, makoti yakimpapasa masikio. Kipaji alikuwa nacho: akikueleza mlango uliovunjwa, unasikia bawaba. Aliyeibiwa hakumcheka, na mwizi hakumpamba. Ila tuseme ukweli: alizunguka mno, na alipenda kuwaacha watu roho juu.

Katika kesi ya mikufu iliyoibwa kwenye duka la sonara, alijua tangu mwanzo kwamba mahakama ilimtia hatiani sonara mwenyewe. Hata hivyo alifunga sehemu ya nne kwa kuuliza: mtaa mzima, nani mwingine aliyeweza kufungua kufuli zile? Kisha muziki. Fundi kufuli wa mtaa ule alikuwa mmoja tu. Ndani ya siku tatu wateja wakamkimbia.

Fundi alimfuata nyumbani, mkoba wa vifaa begani, akakataa kuketi.

"Dada, unasimulia vizuri. Hata mimi nangoja nijue kama ni mimi."

Marehemu alicheka, kisha akaona haya. "Kaka, nilijua si wewe. Nilitaka tu wasikilizaji warudi Alhamisi."

"Wako watarudi. Wangu je?"

Alhamisi haikungojwa. Walibanana kabatini saa ileile, akamtaja mwizi katika sentensi ya kwanza, akaomba radhi katika ya pili. Tangu hapo kila kesi aliianza na hukumu. Alihofia wasikilizaji watamhama. Wakaongezeka, maana walitaka kujua ilikuwaje. Wateja wa fundi nao walirejea, baadhi wakiwa na kufuli zisizo na kasoro yoyote.

Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 2017. Bwana harusi alijitambulisha kwa wakwe zake kuwa ndiye mshukiwa.

Mei 2023 marehemu aliugua koo, sauti ikafifia. Aliandika, mumewe akasoma mbiombio kama anayekimbia mvua, naye akimpunguza mwendo kwa kiganja. Alifariki tarehe 21 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akisomewa.

Ameacha mume, dada, kaka, watoto wawili wa kambo waliomwita mama bila kuambiwa, wapwa saba na wasikilizaji wengi. Kuhusu wasifu huu aliagiza jambo moja: asitajwe kwa lolote ambalo hakulifanya. Tumetii.

Apumzike kwa raha, jina lake likiwa safi.