Sindano Mbili

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya treni, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa wanaume wawili waliokaa mbele yake.

"Daktari kaniandikia sindano moja ya homoni ya kiume, maana yangu imepungua," mmoja wao, seremala, alimwambia mwenzake. "Mimi nikachoma mbili."

"Ukawa simba?"

"Simba gani, ndugu yangu! Ile ya ziada mwili umeigeuza ya kike. Kifua kimejaa, na jana nimelia nikipiga randa mlango."

"Mlango umekukosea nini?"

"Ulipendeza mno. Leo napimwa damu, wanisawazishe."

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Seremala alipoinuka, kifungo cha kifuani kikaruka, kikatua mapajani mwa fundi.

"Niletee hilo shati nilipanue, baba," alisema fundi, akisahau kwamba alijifanya hasikii kitu. "Ukirudi kwenye sindano moja, nitalibana tena."