Vasiti Naulu, Aliyewaambia Wazee Wasubiri

Waliokuwepo Alhamisi iliyopita, tarehe 2 Mei 2024, mama yetu Vasiti Naulu alipokata roho, ni bintiye Losalini, nesi wa zamu, mchungaji wetu, na Ateca, ambaye habari zake zimo humu kwa ridhaa yake mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Nakobo, nje ya mji wa Savusavu, akasoma hapo hapo hadi darasa la nane mwaka 1975, kisha mwaka 1979 akaajiriwa kufua mashuka hospitalini, kazi aliyoifanya hadi kustaafu. Tarehe 6 Novemba 1982 alifunga ndoa na Apenisa, fundi wa injini za boti, mtu mpole aliyemchemshia chai kila alfajiri hadi alipotutoka mwaka 2009. Walijaliwa mtoto mmoja, Losalini, mwaka 1984.

Mwaka 1989 dada yake Kelera alirudi nyumbani amevunjwa mkono na mumewe, wakwe wakaja na jino la nyangumi kuomba radhi, baba akalipokea, na kwetu jino likishapokewa neno limekwisha, hivyo Kelera akarudishwa kwa mume, na kabla mwaka haujaisha tukamzika. Mihogo waliyokula wakwe siku ile walipoleta jino aliipika Vasiti. Tangu hapo mlango wake haukufungwa kwa mwanamke aliyepigwa au kubakwa, aliwapa nguo kavu, aliwasindikiza kwa daktari na polisi, akakaa nao kwenye benchi hadi waitwe, na hakumuuliza yeyote alikosa nini.

Juni 2011 Ateca aliletwa hospitalini na mtoto mchanga, taya limevunjwa na mumewe, na alipotoka wodini Vasiti akamchukua kwake. Wakwe wakapeleka jino kwa baba yake, mzee Taniela, naye alikuwa ameshanyoosha mikono pale mkekani kulipokea, Vasiti akasema kutoka mlangoni wanakokaa wanawake, "Muulizeni mwenyewe kwanza."

"We mama, haya ni ya wanaume," akasema mjomba wa mume. "Tena ataulizwaje, na taya limefungwa waya?"

"Basi subirini lifunguliwe, mzee wangu. Jino la nyangumi halichachi."

Wanawake wakaangua kicheko, mzee Taniela akarudisha mikono mapajani, na waya ulipotolewa neno la kwanza la Ateca lilikuwa "Sirudi," akalisema tena polisi, akalisema tena mahakamani. Kwa kuwa aliwaaibisha wazee mkekani, ukoo wa Vasiti ulimtenga, kaka zake hawakukanyaga kwake tena, na leo pia hawapo.

Sukari ilimwanza mwaka 2016, mguu ukakatwa mwaka 2021, lakini aliendelea kufua nguo za wageni wake akiwa amekaa, hadi figo ziliposhindwa mwezi uliopita.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani mlioleta mihogo na mikeka bila kuombwa, na wafuaji wenzake wa zamani, mliofua mashuka yake ya mwisho kwa mikono yenu.

Tulia sasa, mama, umechoka.

Jumatatu ukoo uliichukua nyumba yake na kuifunga, na mwanamke aliyekuja juzi na watoto wawili analala kwa Ateca.