Plagi Chini ya Mto Wangu

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka kitandani, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na sitaki mtu aje kusema kesho kwamba hakusikia. Nawe, mama yao, kaa hapo hapo miguuni pangu. Daktari amesema ninyamaze nipumzike. Nimemjibu kwamba kupumzika kunakuja kwa wingi, aniache niseme.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Jana mliamka mkakuta waya wa msumeno wa meza umekatwa na plagi haipo, mkamlaani mwizi mchana kutwa, mkashangaa ni mwizi gani huyu anayeacha randa na nyundo akaondoka na plagi. Mwizi ni mimi. Hii hapa, chini ya mto wangu. Aliyeikata kwa koleo ni mama yenu, kwa amri yangu, na kabla hajakata aliichomoa ukutani, nilimuuliza mara mbili. Najua duka la kona linauza plagi nyingine. Sikukata ili mshindwe kazi, nilikata ili mje mnisikilize kabla sijaondoka.

Juzi nililala hapa, ukuta mmoja tu kati yangu na karakana, nikausikia msumeno ukilia sauti ambayo sijaisikia tangu niununue. Ukiwa na kinga yake juu ya meno, sauti hutoka imefunikwa, kama mtu anayeongea shuka likiwa usoni. Juzi ilikuwa wazi. Ni wewe uliyeitoa, kifungua mimba wangu, na usiinamishe kichwa, nitazame. Umeitoa kwa sababu mteja wa milango anakuharakisha, na ule ulimi wa chuma ulio nyuma ya meno umeutoa pia, maana nilisikia ubao ukibanwa, mashine ikaguna, nawe ukalazimisha. Ulimi ule ndio unaoacha njia wazi nyuma ya meno. Ukiutoa, ubao unayabana, na meno yakibanwa huurusha ubao kwa aliyeusukuma, na tumbo lako hilo, mwanangu, halina ubavu wa kubishana nao. Ndiyo maana niliwafundisha kusimama pembeni kidogo, mkaniona mzee mwenye mambo mengi.

Nilipoanza ufundi, mtu mwenye vidole kamili alikuwa kichekesho. Mafundi walinyoosha mikono iliyopungua kama askari wanaoonyesha nishani, na mimi, kwa kuwa vipande vidogo nilivisukuma kwa kijiti na mkono wangu ukakaa mbali na meno, wakaniita Bibi Harusi. Aliyelianzisha jina hilo mnamjua, fundi wa mtaa wa pili, na alilitamka hata mbele ya wakwe siku nilipokwenda kumposa mama yenu. Sijamsamehe, na sina mpango. Majuzi alikuja kuniona, akaketi hapo alipo mama yenu, akaushika mkono wangu kwa ule wake wenye vidole viwili, akapapasa kidole kimoja baada ya kingine mpaka cha mwisho, akainuka akaondoka. Hata chai hakunywa. Nilitaka kumcheka nikashindwa, na hilo nalo sijamsamehe.

Basi nasema mbele yenu wote: Bibi Harusi anakwenda kaburini na vidole vyake vyote, na atakayeniosha avihesabu!

Nipeni maji kidogo. Ahsante.

Nyumba hii ni ya mama yenu, mtu asimhamishe hata kiti. Karakana ni ya ninyi watatu. Kitinda mimba, wewe una mdomo mtamu, wateja na ununuzi wa mbao ni wako. Lakini msumeno namwachia dada yenu. Siku ile mteja alipoleta mbao kuukuu, dada yenu alizima mashine, akazipapasa zote akitafuta misumari huku yule bwana akifoka, akamwacha afoke mpaka akachoka mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Baba zenu wadogo watasema mwanamke na mashine wapi na wapi. Waambieni nilishayasikia hayo nikiwa hai, na nikayapuuza nikiwa hai.

Na wewe kifungua mimba hujafukuzwa. Utapasua mbao kama kawaida, ila yeye akisema zima, unazima, hata mteja akiwa amekusimamia kichwani. Nina uchungu na wewe kwa sababu mikono hiyo niliishika ikiwa midogo, na naogopa, mwanangu, naogopa sana kukuacha na meno yaliyo wazi. Haya, nenda. Kinga umeitupa nyuma ya rundo la vipande, nilisikia ikianguka, na ulimi upo huko huko. Vilete hapa nivione.

...Naam. Ndiyo yenyewe. Ipanguse vumbi. Hebu niiguse. Sasa binti yangu, shika plagi, na usiifunge kwenye waya mpaka kaka yako avirudishe hivi viwili kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ya shati mkunje. Glavu msivae penye meno, zinashikwa zikaubeba na mkono. Bledi, hilo duara la meno, msibadilishe waya ukiwa umechomekwa ukutani.

Mungu awabariki. Mikono yenu iingie kazini mizima... itoke mizima. Mama yenu msimwache peke yake.

La mwisho. Mkizima swichi, meno hayalali. Yanazunguka kimya kimya, na hapo ndipo yule mwenzangu wa mtaa wa pili alipoacha vidole, mashine ikiwa imenyamaza. Msiuguse msumeno mpaka usimame.

Na mimi vivyo hivyo. Wameshasema mara ngapi kwamba nimekwisha... na bado nazunguka. Nikinyamaza, msikimbilie kunifunika shuka. Ngojeni. Ngojeni mpaka nisimame... kabisa.