Mzee Chokaa na Uwanja Uliogeuka Soko

"Mama Vitunguu, ng'oa kigingi chako kwenye penalti yangu!"

"Penalti yako? Uliinunua lini?"

"Umekipigilia pale pale mpira unapowekwa. Sogea kidogo tu, jirani."

"Mpira gani, mzee wangu? Miezi mitatu hakuna mechi. Wachezaji wako wamenenepa mpaka wanafungwa kamba za viatu na wake zao. Mimi nina watoto wanne, na wanakula kila siku. Sasa niambie, nani asogee?"

Wasikilizaji wapendwa, ugomvi huo niliusikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimetumwa vitunguu. Vitunguu nikavisahau, nikasimama kusikiliza. Ungekuwa wewe ungeondoka? Nusu ya soko ilikuwa imesimama. Mwanamke mmoja alikuwa amemshika kuku miguu kichwa chini, na kuku naye alionekana kufuatilia.

Aliyekuwa na ndoo mkononi, akidai penalti yake, ndiye tunayemkumbuka leo. Alikuwa mtunza uwanja wa timu yetu ya mtaa. Wote tulimwita Mzee Chokaa. Amefariki Jumanne mchana, nyumbani kwake, baada ya kuugua wiki mbili. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mzee Chokaa, mtunza uwanja, ametutoka Jumanne.

Na mimi leo nimechoka, mnisamehe. Tumetoka kuzika jana.

Zamani alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba. Akaanguka kwenye ngazi, nyonga ikapata hitilafu, kazi za juu zikaisha. Akasema basi, nitapaka chini. Kwa miaka ishirini na sita, kila Ijumaa, alichora mistari ya uwanja. Vigingi viwili, kamba, ndoo ya chokaa, na kopo alilolitoboa tundu chini. Alitembea kinyumenyume huku akichechemea, na mstari ukatoka umenyooka kuliko wa mwenye miguu mizima.

Mkewe anasema, "Viatu vyake vililala nje, ndani nilikataa. Siku ya harusi ya binti yetu alivaa suti, akanyoa, akapaka mafuta. Namtazama kisigino, chokaa. Nikamwambia, baba, hata leo? Akanijibu, 'Leo si Ijumaa?'"

Kisha ukaja ule ugonjwa, mnaukumbuka. Ligi ikafungwa, mechi nane zikiwa zimebaki. Timu kubwa zilipimwa, zikawekwa hotelini, baadaye zikarudi kwenye televisheni. Timu zetu za chini zilipata ujumbe wa simu wenye maneno mawili: "Subirini taarifa." Tukasubiri. Kocha wetu ni kinyozi, na kinyozi naye alifungiwa, maana utamnyoaje mtu ukiwa umbali wa mita mbili? Akawa anatuma mazoezi kwa simu. Kipa wetu, yule mchomeleaji, alikuwa akirushiwa viazi na mkewe uani. Vilivyompita ndivyo vilivyopikwa. Anasema miezi ile walikula viazi vingi mno.

Tulicheka, ndiyo. Lakini ilikuwa inachosha. Kila wiki kuulizana, vipi, kuna habari? Hakuna. Wiki nyingine tena, hakuna.

Halafu soko letu la zamani likaonekana limebanana. Wakubwa wakaamua lihamishiwe uwanjani, watu wapate kukaa mbalimbali. Nyanya zikaingia katikati ya uwanja. Samaki wakavu wakapewa kona. Mama Vitunguu, anayepakana ukuta na Mzee Chokaa, akapangiwa mbele ya goli. Mzee ukutani kwake akikohoa, yeye upande wa pili anasema pole. Sasa wakawa wanagombana kutwa.

Kwa sababu Mzee Chokaa hakuacha kuchora. Soko liko juu ya uwanja, yeye kila Ijumaa anapita na kopo lake katikati ya mafungu ya mchicha, anaomba radhi, anachora. Watu walimcheka. Wengine walikasirika, sketi zilichafuka. Nilimuuliza, mzee, unamchorea nani? Akanijibu, "Nikiruka wiki moja, wiki ya pili itakuwa rahisi. Ya tatu nitakuwa nimelala."

Sasa sikilizeni kilichotokea. Maofisa wa afya wakaja kukagua masoko. Kwingine walikuta watu wamelaliana, wakafunga. Hapa kwetu wakakuta mistari myeupe, na wauzaji wamejipanga kuifuata, maana ukishaona mstari si unakaa? Ofisa mkubwa akasimama. "Nani aliyepanga soko hili vizuri namna hii?" Vidole vyote vikamwelekea Mzee Chokaa. Akapewa mkono wa pongezi, ule wa kiwiko kwa kiwiko. Na soko likaongezewa muda, kwa sababu limepangika.

Yaani mistari aliyoichora ili uwanja usipotee, ndiyo iliyozidi kuufanya soko. Alirudi nyumbani akaketi kitandani na kofia yake kichwani, mkewe anasema, hakuivua mpaka chakula kilipoletwa.

Wiki tatu baadaye taarifa ikaja kweli. Ligi inarudi. Kila timu ioneshe uwanja wake, mkaguzi atapita Ijumaa ya wiki inayofuata. Asiye na uwanja anafutwa, anarudi ligi ya mtaa. Nasema tena: bila uwanja, tunafutwa. Miaka kumi na moja tulipanda mpaka pale.

Kocha akamjia Mzee Chokaa uani. "Mzee, wiki hii usichore. Mistari ifutike. Wale wa afya wakikuta fujo, soko linafungwa siku hiyo hiyo, na uwanja tunarudishiwa. Hujamkosea mtu. Umepumzika tu."

Umepumzika tu. Mtu aliyechoka ukimwambia hivyo, ni mtihani.

Mkewe anasema, "Siku mbili namwekea chai, inapoa. Naipasha, inapoa tena. Nikamwambia, baba fulani, sema. Akasema, 'Mama watoto, timu ni yangu. Na yule wa vitunguu ni jirani yangu. Nimechoka kuwaza.' Ijumaa ilipofika nikasikia anakoroga chokaa."

Alichora mistari yote. Hata duara la katikati, chini ya nyanya.

Mtaa huu wetu, siri ikifika kiti cha kinyozi si siri tena. Kocha, aliyekuwa ameruhusiwa kunyoa tena, alimwambia mteja mmoja, na kabla ya jioni Mama Vitunguu anajua. Mwenyewe anasimulia: "Nilimfuata nimefura. Nikamwambia, wewe mzee, mnafutwa, na hukuniambia? Tumepakana ukuta miaka yote, unanificha? Akaniambia, 'Ningekuambia nini? Watoto wako walale njaa kwa ajili ya kona na penalti?' Nikajifunga kanga kiunoni, nikaanza na meza ya samaki."

Mama Vitunguu akazunguka meza kwa meza. Wapo waliomtukana. Aliwarudishia. Mwisho wakakubaliana: watapisha kwa ukaguzi, na watapisha kila siku ya mechi ya nyumbani, kisha warudi. Jumatano wakang'oa vigingi vyote. Ndipo tukaona uwanja. Mashimo, wasikilizaji wapendwa. Kila kigingi na shimo lake, na mbele ya goli ndiyo usiseme. Alhamisi kutwa nzima tukafukia. Akina mama walibeba udongo kwa karai, wachezaji wakashindilia kwa miguu. Mimi nilibeba karai nne, mgongo ukanitajia umri wangu.

Ijumaa mkaguzi akaja na tepu. Akapima urefu, sawa. Upana, sawa. Mzee Chokaa akamshikia ncha ya tepu kila alipokwenda. Wote tuko nje ya mstari, barakoa usoni, hakuna anayekohoa. Kisha mkaguzi akakanyaga mbele ya goli, na mguu ukazama mpaka kifundoni. Akautoa. Akapiga hatua nyingine, ukazama tena. Udongo ulikuwa haujakaza.

Mkaguzi alitutazama. Akawatazama wale akina mama na karai zao. Akamvuta Mzee Chokaa pembeni. Kilichosemwa hapo hatukukisikia, na mtaa umekibuni kwa miaka. Jana mkaguzi amenieleza mwenyewe.

"Nilikuwa tayari kufumba macho," aliniambia. "Nikamuuliza, mzee wangu, niandike nini? Akasema, 'Andika ulichokanyaga.' Nikamwambia, unajua maana yake? Akasema, 'Najua. Lakini beki wangu akivunjikia mguu pale, karatasi yako haitamsaidia kutembea.' Akainama, akanipa mgongo wake niandikie juu yake, kwa sababu sikuwa na meza."

Tukafutwa. Mpaka leo hatujarudi kwenye ile ligi. Kipa ameacha, wengine wamehama. Kocha hakumsalimu Mzee Chokaa kwa karibu mwaka mzima, na wapo waliomlaumu mpaka kwenye mazishi, sitawaficha. Soko liliporudi mahali pake pa zamani, mzee alipanda nyasi mbele ya goli, shina kwa shina, akiwa amekalia ndoo maana nyonga haikumruhusu kuchuchumaa. Akaendelea kuchora kwa ajili ya ligi ya mtaa, mechi za watazamaji thelathini. Ijumaa yake ya mwisho alichora nusu ya uwanja, akaishia hapo.

Kwa mjane wake, kwa binti yake mshonaji, kwa wajukuu, na kwa jirani yake wa ukuta mmoja, kipindi hiki kinawapa pole nyingi. Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikiliza, wikiendi hii ukipita kwenye kiwanja chochote kidogo, tazama mistari kabla ya kutazama mpira. Jiulize nani aliamka kuichora. Na kama kuna mtu alisema kweli ikakugharimu, na hujamsalimu mpaka leo, nenda akiwa bado yupo.

Nimalizie na la jana. Tumetoka makaburini, watu wamejaa uani, sahani zinapita. Mkaguzi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, haji wala haendi. Minong'ono ikaanza. Ndiye yule. Ana uso wa kuja hapa? Kocha akainamia sahani yake.

Mjane akatoka mwenyewe mpaka getini.

"Baba, wewe si yule wa tepu?"

"Ni mimi, mama. Nilikuja kutoa pole tu. Naondoka."

"Unaondoka uende wapi na njaa? Mume wangu alikwambia uandike, ukaandika." Akageuka uani. "Kocha! Mpe mwenzako nafasi hapo kwenye benchi."

Kocha akanyanyuka, akafuta benchi kwa kiganja.

"Karibu," akasema. "Ingia, ule na sisi."